Kilio Ambacho Hukukifikisha

Kaka yangu Bahati,

Umenialika nije kulia. Nimeusoma ujumbe wako ulioupitishia parokiani tena na tena nikidhani labda kuna kitu kimenipita, lakini ni hivyo hivyo ulivyoandika: ukumbi umepatikana, okestra ipo, safari yangu wenyeji wako wataigharamia, na mimi nitasimama mbele ya wapiga fidla nimevaa kitenge kizuri, nikisubiri mwongoza okestra anionyeshe mkono. Akinionyesha, nianze kumlilia mama. "Itakuwa na nguvu kupita ile ya mashine, dada," umesema, tena ukaweka alama ya mshangao.

Nilikuwa nakula. Niliweka sahani chini na sikuigusa tena siku ile. Usidhani ni hasira, hasira naijua, tumegombana mimi nawe tangu utotoni na jioni tukalala kwenye mkeka mmoja. Hiki ni kinyaa. Ni kama kukuta unywele ndani ya tonge, ukitema unabaki unahisi bado uko kooni. Sijawahi kumwonea kinyaa mtu wa tumbo moja nami, na sipendi kwamba nimejifunza kwako.

Nakujibu hadharani kwa sababu wewe kilio chetu ulikianika hadharani bila hata kubisha hodi. Na pia kwa sababu simu zangu hupokei isipokuwa una jambo lako. Watu wanaokupigia makofi huko, na watu wa hapa wanaokusifu kwamba umeitoa Masisi yetu gizani, wote wasikie pamoja.

Ngoja nianze na kinanda, maana hata hicho ulishakidanganyia.

Unakikumbuka, kile cha kukanyaga, kilichoachwa kanisani Lushebere na mapadri wa zamani. Papa yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi asubuhi na mwalimu wa kwaya mchana, na wewe ndiwe mtoto pekee aliyeruhusiwa kukigusa. Miguu yako haikufika chini. Basi mimi nilipiga magoti chini ya kinanda nikasukuma pedali kwa mikono, huku wewe juu unapiga, na vumbi lote la mbao likiniingia puani. Nikichoka, wimbo ulikata roho. Ulikuwa unanigonga kichwani kwa kisigino: "Sukuma, weye! Tuko pa alleluia!" Nikasukuma. Watu waliokuja kusikiliza mazoezi walimwona mtoto mmoja tu mwenye akili ya ajabu, mgongo wangu hawakuuona, na sikujali, maana ilikuwa raha kuwa chini pale na kusikia sauti ikinipita juu ya kichwa.

Sauti moja ya kinanda kile ilikuwa bubu. Panya walikuwa wametafuna ngozi ya ndani, na kila ulipobonyeza noti ya fa, hakuna kilichotoka ila pumzi. Ulilia. Papa akakuambia, "Achana na iyo fa, mutoto wangu. Wimbo itapita pembeni." Ndivyo ulivyotunga wimbo wako wa kwanza wa Noeli, wote bila fa hata moja, na kwaya yetu inauimba mpaka leo, na wageni wanaousikia wanasema una utamu fulani hawaujui umetoka wapi.

Miaka ikapita, ukawa mtu mkubwa, tukakusikia kwenye redio ya huko ukimweleza mtangazaji kwamba muziki wako hauna fa kwa sababu umejengwa juu ya ngazi ya mababu wa msituni, wawindaji, ambao sauti ile kwao ilikuwa mwiko. Kaka, ni panya. Mababu gani? Baba yetu alizaliwa juu ya kilima cha viazi na maharage, ng'ombe wa jirani wakichungulia dirishani, na mwiko pekee nilioujua nyumbani ulikuwa wa kusongea ugali. Hata hivyo siku ile tulicheka. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Mumuache. Iko anatafuta maisha." Nami nikakuacha.

Ni mama aliyekuwa na msitu, si wewe. Alizaliwa Buleusa, kule Walikale, binti wa mwindaji kweli, na alipoolewa huku kwenye baridi alikuja na kengele moja ya mbao, ya kufungwa shingoni mwa mbwa wa kuwindia. Aliitundika jikoni. Upepo ukiingia, ikigonga, alisema, "Baba yangu anapita." Ulikuwa unaacha kula ili uisikilize. Na alikuwa na wimbo wa palizi waliofundishwa na mama yao, yeye na dada yake, Mama Mkubwa, ambaye bado yuko kule Buleusa. Hao wawili walibishana maisha yao yote juu ya mwisho wa wimbo ule. Mama alisema unapanda. Mama Mkubwa alisema unashuka. Kila walipotembeleana, hata kabla ya kupewa maji ya kunywa, walianza: "Inapanda!" "Inashuka, we muongo!" Papa alikuwa anatoka nje kuwakimbia, na sisi tukabaki tunacheka hadi machozi.

Ulipoondoka kwenda Goma kusoma, mama alikufungia kengele ile ndani ya sanduku lako. Kutoka Goma ukafika Kinshasa kwenye shule ya muziki, kutoka Kinshasa ukaruka Ulaya. Kengele ulienda nayo. Leo najua inapigwa na mtu aliyevaa suti nyeusi katika kazi yako ya okestra, na sina neno juu ya hilo. Nataka hili lieleweke, maana najua utakavyojitetea. Utasema mdogo wako ni mshamba, hataki mambo ya kwetu yatoke kijijini. Hapana. Kengele ulipewa. Wimbo wa palizi ulifundishwa kama tulivyofundishwa sote. Tumia, pamba, geuza, ni vyako.

Tena tulikuwa wa kwanza kujivuna. Kile kipande chako cha fidla mbili na selo kilipopata tuzo, niliwakusanya wanakwaya baada ya mazoezi nikawasikilizisha kwenye simu. Kikaanza kukwaruza. Papa Deo, rais wa kwaya, akasubiri kwa adabu, akasubiri, mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bado wako wanapanga nyuzi ao wimbo ilishaanza?" Kila mtu akainama kuficha kicheko. Mama, aliyekuwa hajaelewa hata sauti moja, akamgeukia akamwambia, "Munyamaze. Mutoto wangu njo iko anaongea." Akasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kama mtu aliye misani. Kila kazi uliyotuma aliisikiliza hivyo. Usisahau hilo unapohesabu mashabiki wako.

Sasa nakuja kwenye kifo chake.

Ulikuwepo. Nakushukuru kwamba ulikuja. Uliwahi kumkuta akiwa bado anaongea, kifua kikimkoroma, na ulimshika mkono, na hilo sitakunyang'anya. Aliyekosekana ni Mama Mkubwa. Barabara ya Walikale ilikuwa imefungwa, hawa wenye bunduki upande huu, wale upande ule, na mwanamke wa umri wake asingeweza kuzunguka porini. Katika ukoo wa mama, dada ndiye anayemwosha dada. Kwa kuwa mwenyewe hakufika, Mama Zawadi alichukua nafasi yake. Unamkumbuka Mama Zawadi: mkimbizi wa kutoka Nyamitaba, aliyekuwa akikaa kambini, mama alimgawia kipande cha shamba na wakawa wanapalilia pamoja. Alimwosha mama kama ndugu yake.

Asubuhi ya baada ya mazishi, tulikaa uani kumlilia asiyefika. Desturi hii unaijua, hata kama kwenye mahojiano yako hujawahi kuitaja. Zamani jamaa walifika kwa miguu, hata wiki ipite, na msiba ulisimuliwa upya mbele yao. Tangu barabara zianze kufungwa, tumejifunza kulia kwa simu. Hatupigi, mtandao haudumu. Tunarekodi. Kila mwenye jambo anaketi mbele ya simu, anamtaja asiyefika kwa jina, anamlilia, anamweleza marehemu aliugua vipi, alisema nini mwishoni, nani amemwosha, amevishwa nini. Sauti inatumwa. Na yule anayeipokea hasikilizi kimya kama anayesikiliza habari. Kila mahali mliaji anapovuta pumzi, yeye anajibu, peke yake, huko aliko: "Niko nakusikia." Sauti ikifika mwisho, anahesabiwa kuwa alikuwepo kaburini. Ndipo anaweza kuondoa matanga.

Nilikuwa nimeshatoa simu yangu. Wewe ukatoka ndani na kinasa sauti chako, kile chenye kipaza kilichovaa manyoya, ukakiweka juu ya kiti katikati yetu. Mama Zawadi akakitazama, akakuuliza, nami nilikuwa nimekaa karibu yake nikisikia: "Iyi njo ya kufikisha kilio kwa mukubwa wa mama?"

Ukajibu, "Njo hii, mama. Inashika sauti muzuri kupita simu. Nitamufikishia."

Nilirudisha simu yangu mfukoni. Tena tulifurahi! Tulisema, afadhali, safari hii Mama Mkubwa atapata kilio safi, kisichokatika. Wanawake walijipanga. Walilia kwa uangalifu, wakataja majina vizuri, wakasogea karibu na manyoya yale ili wasikike. Hakuna aliyekulilia wewe, wala muziki. Walikuwa wanaongea na mwanamke mmoja wa Buleusa.

Mama Zawadi alianza hivi, haya niliyasikia: "Mukubwa wa Mama Bahati, nakulilia. Mimi njo nilimuosha pa nafasi yako. Maji niliyaweka kwa moto kwanza, juu hakupenda maji ya baridi..." Hapo niliitwa nje ya ua kuwapokea watu wa parokia. Niliporudi alikuwa bado anaongea, anafuta macho, anamaliza. Alisema nini katikati sijui. Yalikuwa ya Mama Mkubwa.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilikuwa na ujumbe ambao mama aliniachia nilipokuwa namgeuza kitandani. Alisema, "Umuambie mukubwa wangu, yeye njo alikuwa na haki. Ile wimbo inashuka." Akatabasamu kidogo, ile tabasamu yake ya kushindwa karata. Basi nikaketi mbele ya kinasa chako, nikamwambia Mama Mkubwa hivyo, na nikamwimbia mwisho wa wimbo ukishuka, polepole, huku sauti inanikatikia. Wewe ulikuwa umesimama nyuma, umevaa vile vya masikio, umefumba macho. Nilidhani unalia.

Ukarudi Ulaya. Tukasubiri. Mtu aliyetoka Walikale akaniletea salamu za Mama Mkubwa: "Muulize mutoto wa mudogo wangu, kwa nini bado sijaliliwa?" Nikakupigia. Na hapo, kaka, nilisikia maneno ambayo sikudhani yanaweza kutoka kinywani mwa mtu aliyenyonya ziwa moja nami. Ulisema, "Ile iko bado matière ya kazi, dada. Nikiitoa sasa, première itakufa."

Malighafi. Kilio cha watu unakiita malighafi, na hukitumi kwa mwenyewe kisije kikapoteza upya wake kabla ya onyesho la kwanza. Nikasubiri, nikijiambia labda baada ya onyesho. Baada ya onyesho ukasema haki si zako tena, ziko kwa wachapishaji. Tangu lini? Nani aliwapa? Ulipokuwa unamwahidi Mama Zawadi, wachapishaji walikuwa wamekaa wapi pale uani?

Kazi yenyewe niliisikia kama kila mtu, kwa kiungo ulichotutumia ukiringa. Tulikaa kwenye madawati ya kanisa baada ya misa, kwaya nzima, tukaunganisha simu na spika. Mwanzoni fidla zikavuma kama nzi juu ya nyama. Halafu ikaja sauti yangu. Ulikuwa umeivuta ikawa nzito na ndefu kama ya mwanaume mlevi, na maneno hayasikiki. Kisha ikaja ya Mama Zawadi. Katika yote aliyosema ulichukua neno moja tu, ukalirudia kwa kufuata ngoma: maji, maji, maji, maji. Nimesoma kwamba huko kwenu wameandika kuwa hapo ndipo mito ya Kongo inapolilia watoto wake. Ni sufuria, kaka. Ni maji ya moto ya kumwogeshea mama yako, yaliyochemshwa na mwanamke asiye na nyumba.

Papa Deo alikuwa amevua kofia kwa heshima ya marehemu. Kufika kwenye "maji" ya kumi na ngapi sijui, akaivaa tena. "Iyi iko kilio," akauliza, "ao iko publicité ya kuuza maji?" Safari hii hakuna aliyecheka.

Halafu mwisho. Nilikuwa nangoja angalau mwisho, ule wimbo wa palizi ukishuka, nikijua sikio lako haliwezi kukosa kuuona uzuri wake. Ulianza nao vizuri, fidla peke yake. Nikaanza kukusamehe. Kisha tarumbeta zikaingia, ukaupandisha. Ukaupandisha mpaka juu kabisa, na ngoma, ukumbi mzima unatetemeka. Kitu kimoja tu mama alichokubali kushindwa maishani mwake, umekigeuza ili watu wainuke vitini. Walisimama. Makofi yao yako ndani ya rekodi, marefu, na mtu mmoja anapiga mluzi.

Nilitoka nje nikatema mate. Nasema hivyo hivyo ilivyokuwa.

Mapigano yakarudi. Watu wa kambini wakatawanyika tena, Mama Zawadi akaondoka na wengine, na baadaye tukaletewa habari kwamba amefia njiani. Alizikwa na watu wasiomjua. Sijui nani alimwosha, na kama maji yalikuwa ya moto.

Barabara ilipofunguka kidogo, nilikwenda Buleusa. Nilipanda pikipiki mpaka ilipokwama, njia iliyobaki nikaikata kwa miguu kwenye matope, na nikafika saa za mchana nimechafuka mpaka kwenye kope. Mama Mkubwa alikuwa mlangoni anamenya mihogo. Bado amefunga kitambaa cheusi. Wenzake wote waliofiwa msimu ule walishaondoa matanga, wanakwenda harusini, wanacheza. Yeye haendi. Watoto wake walishamwambia atoe kile kitambaa, akawajibu, "Aliyemuosha mudogo wangu hajaongea na mimi. Nitatoa namna gani?"

Nilimpa ujumbe wa mama kwa mdomo wangu. Nilimwimbia, ukishuka. Kaka, ungeliona uso ule. Alicheka, akapiga paja, akasema, "Si nilimuambia! Si nilimuambia!" Halafu akalia sana, nikamshika. Hilo angalau limefika.

Kisha akafuta macho akasema, "Sasa nipe aliyemuosha."

Ningefanya nini? Mama Zawadi hayupo tena duniani, na sauti yake ya siku ile haipo popote ila ndani ya kinasa chako. Nilikuwa na kazi yako tu kwenye simu. Nikafikiri, labda ataitambua sauti, labda hata neno moja litamtosha. Nikaibonyeza.

Mama Mkubwa alikaa vizuri, akaweka kisu chini, akainamia simu kwa heshima. Fidla zako zikamshtua lakini akazivumilia. Sauti ya Mama Zawadi ilipotoka, akaitika mara moja, kama inavyopaswa: "Niko nakusikia, mama. Sema."

Simu ikasema: maji.

"Ndiyo, maji. Niko nakusikia."

Maji, maji.

"Maji ya nini, mama? Yalikuwa namna gani? Sema, niko hapa."

Maji, maji, maji, maji. Alikuwa anamjibu, kaka. Kila mara alimjibu, na kila mara alimpa nafasi amalizie, akisogeza sikio karibu zaidi, na wewe ukampigia ngoma. Nilitaka kuizima, lakini niliogopa kumwambia kwamba hakuna zaidi. Ikaenda mpaka wimbo wa mama yao. Aliposikia unapanda alinitazama kwa macho makubwa. Kisha tarumbeta, kisha makofi.

Akasikiliza makofi yote mpaka mwisho, hata ule mluzi. Akaniuliza, bila ukali wowote, kama mtu anayetaka tu kuelewa: "Hao watu wanapiga mikono, mudogo wangu aliwakosea nini?"

Nilirudisha macho kwenye mihogo.

Kwa hiyo sitakuja. Sitalia jukwaani, wala usimtafute mwingine ajifanye mimi. Machozi niliyotoa siku ile nilimpa mtu, na wewe ulitumwa tu kuyapeleka. Endelea na tuzo zako, endelea na ngazi ya mababu, sitakutolea siri ya panya tena mahali pengine popote. Onyesha kazi yako popote upendapo. Tarumbeta zako sina haja nazo.

Ninachotaka ni kimoja. Fungua ile mashine utoe asubuhi ile ya uani kama ilivyokuwa: kuku wakilia, mtoto wa jirani akikohoa, wanawake wakisogeza viti. Usisafishe kitu. Mtoe Mama Zawadi akiwa mzima, kuanzia "nakulilia" hadi aliponyamaza mwenyewe, na umtume Buleusa. Sina haja ya kusikia alichosema. Wala wewe, ingawa umeshasikiliza mara nyingi kuliko haki yako. Nakuomba hivyo nikiwa bado nakumbuka mtoto aliyeacha chakula ili asikilize kengele ya mbwa. Kama yupo mahali fulani ndani yako, mwachie yeye afanye hiyo kazi, mtunzi akae pembeni.

Usinitumie mimi. Simu yangu nilimwachia Mama Mkubwa. Namba ni ile ile unayoijua, na mtandao kwao hushika ukikaa pale mlangoni, ndiyo maana siku hizi hatoki mlangoni.

Binti yake amenitumia habari kwa msafiri kwamba wiki hii ulipiga, bila shaka ukinitafuta kwa ajili ya ukumbi wako. Mama Mkubwa aliona jina lako, akaketi vizuri, akapokea, akasema, "Niko nakusikia."

Ukakata.

Atapokea tena. Kaa salama huko uliko, kaka.

Mimi mdogo wako,
niliyekusukumia upepo.